Kula kwa makini: shibe huanzia kwenye akili

Kula kwa makini ni kula huku akili ikiwa pale pale penye sahani. Unakiona unachokula, unasikia harufu yake, unakitafuna mpaka ladha yake itoke, na kabla ya kuongeza unajiuliza kama bado una njaa. Hii si orodha ya vyakula, wala hakuna kilichopigwa marufuku. Mtu anaweza kula chipsi kwa makini, na mwingine akamaliza bakuli zima la mchicha bila hata kujua kama ulikuwa na chumvi.

Kwa jinsi inavyofundishwa leo katika kliniki nyingi, dhana hii ina mizizi katika mafundisho ya Kibudha. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kuwasaidia watu wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo, na moja ya mazoezi yake yanayojulikana zaidi ni la zabibu kavu. Unapewa punje moja. Unaitazama mikunjo yake, unaipapasa, unainusa, unaiweka ulimini bila kuitafuna, halafu unaitafuna polepole mpaka unaisikia inashuka kooni. Baadaye mwanasaikolojia Jean Kristeller alitengeneza mafunzo ya aina hiyo mahususi kwa watu wanaokula kupita kiasi na kushindwa kujizuia.

Kwa nini umakini uguse tumbo? Kwa sababu kazi ya kumeng'enya chakula haianzi tumboni. Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya umeng'enyaji, alionyesha kwamba mbwa akila chakula kikatoka nje kupitia tundu alilotobolewa shingoni bila kufika tumboni, bado tumbo lake hutoa maji ya kumeng'enyea. Kuona, kunusa na kuonja tayari ni taarifa. Mate yanaongezeka, tumbo linajiandaa, kongosho nalo linaanza kuamka.

Taarifa ya shibe nayo ina mwendo wake. Tumbo likitanuka, neva hupeleka habari kwenye ubongo. Chakula kikianza kuingia kwenye utumbo mwembamba, homoni kama kolesistokinini humwagwa kwenye damu na kupunguza hamu ya kula. Mambo haya huchukua muda, na makadirio ya kawaida ni kama dakika 20 tangu uanze kula. Anayefyeka sahani ya wali maharage kwa dakika tano huwa ameshaongeza na kumaliza kabla mwili wake haujasema neno. Ndiyo maana anasimama mezani akiwa mwepesi, kisha baada ya muda mfupi anafungua mkanda.

Hayo ya homoni watu wengi wameshayasikia. Linalosemwa kwa nadra, na ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo lenyewe, ni kwamba sehemu ya shibe ni kumbukumbu. Mwaka 1998 Paul Rozin na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wawili waliopata madhara ya ubongo yaliyowafanya washindwe kushika kumbukumbu mpya. Waliletewa chakula cha mchana wakala. Muda mfupi baadaye, kati ya dakika 10 na 30, wakaletewa kingine wakala tena, na kwa kawaida hata cha tatu walikianza. Matumbo yao hayakuwa matupu hata kidogo. Walichokosa ni habari moja tu, kwamba nimeshakula.

Sisi wenye kumbukumbu nzima nasi tumo humo kwa kiasi. Suzanne Higgs wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, alionyesha kwamba watu wakikumbushwa walichokula mchana wa siku ile hula vitafunio vichache zaidi jioni. Na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuta kwamba kula huku akili iko kwingine, kwa mfano mbele ya televisheni, humfanya mtu ale zaidi papo hapo, na huongeza zaidi kiasi atakachokula baadaye. Chakula ulichokila bila kukiona ubongo haukukiandika vizuri, kwa hiyo saa kumi jioni unakidai upya.

Hebu angalia mtu aliyekwama kwenye foleni ndani ya daladala na pakiti ya korosho. Simu iko mkono wa kushoto, kidole gumba kinapandisha picha. Mkono wa kulia unaingia, unatoka, unaingia, hadi vidole vinagusa karatasi tupu. Anainamisha kichwa kuangalia ndani, kana kwamba kuna aliyemsaidia kula. Korosho ni chakula kizuri, amekilipia, na hakukifaidi.

Mila zetu za kula zina vizuizi vya asili dhidi ya jambo hili. Anayekula kwa mkono hawezi kujisahau kabisa. Ugali wa moto unakuambia usubiri, tonge unalifinyanga, unalibonyeza kwa dole gumba, unalichovya kwenye mchuzi, na ukubwa wake unaujua kabla halijafika mdomoni. Samaki mwenye miiba ni mwalimu mkali zaidi. Mlaji wa changu hunyamaza, huchambua nyama kwa ncha za vidole, ulimi ukiupekua kila mfupa, na kipande kidogo humchukua muda mrefu. Kwenye sinia la pamoja una adabu ya kula cha mbele yako na kwenda mwendo wa wenzako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni futari ya pwani. Katika nyumba nyingi watu hufungua kwa tende, maji na pengine kikombe cha uji, halafu huondoka kwenda kuswali magharibi. Wakirudi kwenye muhogo wa nazi na samaki, sukari ya tende imeshaanza kuingia mwilini na njaa ile kali imepungua makali. Dini yenyewe ina neno juu ya kiasi, kwani katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume anaelekeza theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Inasikitisha kuona mezani hapo hapo simu zimelala kando ya sahani zikiangaza, na mtoto analishwa huku macho yake yako kwenye katuni.

Faida zenye ushahidi mzuri zaidi ni kupunguza kula kwa hasira, huzuni au upweke, na kumsaidia mtu mwenye tatizo la kula bila kujizuia. Kutafuna vizuri na kutokimbiza chakula huwapunguzia wengi gesi na tumbo kujaa. Kuhusu unene nisingependa kumdanganya mtu: wapo wanaopungua na wapo wasiopungua, na matokeo ya tafiti yanapishana. Mwenye kisukari aendelee na dawa zake na vipimo vya chakula alivyopangiwa, kwa sababu kusikiliza tumbo hakupimi sukari. Naye aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula aanze mazoezi haya akiwa na mtaalamu, maana kwake kukitazama chakula sana kunaweza kuamsha hofu ya zamani. Na nyumba ambayo chakula hakitoshi, shida yake ni chakula, si umakini.

Anayetaka kujaribu asianze na milo yote. Achague mmoja, hata kama ni chai na kitumbua cha asubuhi, simu ibaki chumba kingine. Aketi. Tonge la kwanza alitafune mpaka liishe kabla ya kuandaa la pili. Katikati ya sahani aweke mkono chini, anywe maji au aongee na aliye jirani yake, halafu ajiulize kama anaendelea kwa njaa au kwa sababu chakula bado kipo. Akiona ameshiba, kilichobaki akifunike kwa ajili ya baadaye.