Gari la Zamani Linapochemsha: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Yeyote anayemiliki gari la zamani hapa Bukavu, liwe Peugeot 404, Land Rover ya miaka ya 1960 au Mercedes ya dizeli iliyozeeka pamoja na mwenyewe, anaijua hofu ya kuona mshale wa joto ukipanda kabla mlima wa Ngomo haujafika nusu. Barabara ile inayotoka Kamanyola huanzia kwenye uwanda wa Ruzizi, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kutufikisha kwenye mji ulio karibu mita 1,500, na mpando kama huo hauachi kasoro yoyote ya upoozaji ijifiche. Linalonisikitisha ni kwamba gari likishachemsha, kila anayesimama kando ya barabara ana dawa yake, na nyingi za dawa hizo huua injini ambazo vipuri vyake havipatikani tena kwa urahisi.

Dawa iliyoenea kuliko zote ni kuitoa thamostati. Wengi huamini kwamba kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya, na kwamba kikitupwa maji yatapita kwa wingi na gari litapoa. Ukweli ni kwamba thamostati ni mlango: injini ikiwa baridi hujifunga ili maji yazunguke ndani ya injini peke yake na kuipasha joto upesi, na maji yakifikia joto lililoandikwa kwenye bati lake, mara nyingi nyuzi 82 kwa magari ya enzi hizo, huanza kufunguka na kuyaruhusu yaende kwenye rejeta. Injini isiyo na mlango huo hukawia kupata joto, hasa asubuhi zetu zenye ukungu wa ziwa; petroli isiyoungua huteremka kwenye oili, na kuta za silinda hulika kabla ya wakati. Tena ziko injini ambazo thamostati yake, inapofunguka, huziba papo hapo njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari ulilotaka kulipoza huzidi kuchemsha.

Kuipima si kazi kubwa. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa kitako, washa jiko na uweke kipimajoto. Yenye namba 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi hizo. Lakini hapa Bukavu usiihukumu haraka ikiwa haijapanuka kabisa maji yanapotokota, kwa sababu thamostati nyingi humaliza kufunguka zaidi ya nyuzi 10 baada ya kuanza, na sufuria yetu haifiki huko.

Haifiki kwa sababu ya dhana nyingine, ile tuliyofundishwa shuleni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hilo ni sahihi ufukweni mwa bahari. Kwa kimo chetu mgandamizo wa hewa umepungua, na maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta: chenye springi ya nusu ya baa, yaani kipimo cha mgandamizo, hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 108. Injini inayofanya kazi kwa nyuzi 98, jambo lisilo la kutisha mlimani, itatulia kabisa ikiwa na kifuniko kizima, na itamwaga maji yote ikiwa na kifuniko ambacho mpira wake umekatika. Kwa hiyo anayelegeza kifuniko ili “injini ipumue” anaichemsha kwa mkono wake mwenyewe. Kuweka kifuniko kikali kuliko kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari nako si hekima, kwa kuwa viungo vilivyolehemiwa kwa risasi vya rejeta ya shaba yenye miaka 50 havikuundwa kubeba mgandamizo huo.

Dhana ya tatu ndiyo inayomaliza pesa za watu: kwamba gari likichemsha, rejeta imekufa. Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwanza kwamba injini ina joto kweli. Katika magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960, geji ya joto na geji ya mafuta hulishwa umeme na kidhibiti kimoja, na kikiharibika zote mbili huweza kuonyesha juu. Ukiona mshale wa joto umepanda na tangi unalojua liko nusu linasoma limejaa, shughulika na kidhibiti hicho. Joto likithibitika, uliza linapanda lini. Gari linalochemsha limesimama kwenye foleni ya Nyawera lakini likapoa likipata mwendo linakosa upepo, hivyo tazama feni na mkanda wake. Linalotulia mjini na kuchemsha mlimani linashindwa kutoa joto jingi kwa mara moja, na hapo ndipo rejeta iliyoziba, pampu iliyolika mabawa au mpira wa chini wa rejeta unaonywea injini ikinguruma sana huingia katika orodha.

Peugeot 404 yangu ilinifunza hili. Feni ya gari hilo haizunguki muda wote. Hushikwa na sumaku ya umeme maji yanapopata moto, na umeme huo hupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosugua kitovu cha feni. Nilikuwa nimeshalipia rejeta mpya kwenye karakana moja, na gari bado likachemsha. Fundi mzee wa Kadutu hakufungua kitu. Alichukua waya kutoka kwenye betri akagusa pale umeme unapoingilia kwenye feni, akainamisha sikio, na hakukusikika ule mlio mfupi wa sumaku kushika. Alipokichomoa, kile kipande cha kaboni kilikuwa kimelika hadi kubaki kama punje ya mchele.

Sababu ambayo haitajwi karibu kamwe ni taimingi ya cheche, yaani wakati cheche inapowasha petroli ndani ya silinda. Petroli ikiwa duni injini hugonga mlimani, na fundi, kwa nia njema, huizungusha distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, ili cheche ichelewe. Kugonga hukoma. Lakini moto uliochelewa huendelea kuungua huku gesi zikitoka, kuta za silinda na njia za moshi hupokea joto ambalo lilipaswa kuwa nguvu ya kusukuma pistoni, na maji ndiyo yanayobebeshwa mzigo huo. Ikiwa gari lilianza kuchemsha baada ya kurekebishwa plagi, platini au kabureta, anzia hapo.

Kuhusu maji yenyewe, husemwa kwamba dawa ya rejeta ni ya nchi za barafu na kwamba maji ya ziwa yanatosha. Dawa hiyo huzuia kutu kwenye chuma na ulikaji kwenye alumini, na Peugeot zetu zina bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, ambayo huganda ndani ya mirija. Usipoipata dawa hiyo kwa siku chache, maji safi ya mvua ni bora zaidi.

Volkswagen Beetle, Coccinelle yetu, haina maji, na wengine hudhani haiwezi kupata moto. Hupozwa kwa upepo wa feni, na mkanda mmoja huzungusha jenereta na feni hiyo. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, huenda mkanda umekatika na feni imesimama; simama hapo hapo.

Imebaki gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, ambayo mafundi huihukumu mara tu waonapo mvuke. Ithibitishe kwanza. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji, washa, na utazame mdomo wa rejeta. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa, lakini yanayoendelea kuja bila kukoma, tena yakiongezeka unapokanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Oili yenye rangi ya maziwa huongeza ushahidi.

Na yule anayekimbia na ndoo ya maji baridi, mzuie. Chuma chenye moto mkali kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka, na hata kufungua kifuniko wakati huo kunaweza kukuunguza uso. Zima injini, subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuurusha mkono, fungua kifuniko kwa kitambaa, kisha washa na umimine maji kidogo kidogo injini ikinguruma polepole.