Je, Kubadili Mlo Kunaweza Kuondoa Kisukari cha Aina ya Pili? Maswali na Majibu

Kisukari cha aina ya pili ni nini?

Ni hali ambayo sukari hubaki juu katika damu kwa sababu mwili hauitikii ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari, na kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini hiyo, hakiwezi tena kukidhi mahitaji. Hakifanani na kisukari cha aina ya kwanza, ambacho kongosho lake karibu halitoi insulini kabisa. Yote yatakayosemwa hapa kuhusu kupunguza dawa hayamhusu mgonjwa wa aina ya kwanza: yeye asiache insulini hata siku moja, ale chakula cha namna gani.

Je, ni kweli kwamba mlo unaweza kukiondoa?

Ni kweli kwa baadhi ya wagonjwa, kwa masharti ambayo wengi hawayasikilizi hadi mwisho. Neno sahihi ni ahueni, wala si kupona. Mwaka 2021 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kwamba mgonjwa yuko katika ahueni iwapo kipimo chake cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kiko chini ya asilimia 6.5 angalau miezi mitatu baada ya kusitishiwa dawa zote za kushusha sukari. Kipimo kimoja cha asubuhi nyumbani hakitoshi, na kipimo kilichofanywa wakati dawa bado zinafanya kazi mwilini hakithibitishi lolote kuhusu ahueni.

Ushahidi unaotajwa zaidi ni utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2017. Waliobadilishiwa mlo walitumia vinywaji maalumu vya lishe badala ya chakula cha kawaida, takriban kilokalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 kati yao walikuwa katika ahueni, ilhali katika kundi lililoendelea na matibabu ya kawaida walikuwa asilimia 4 tu. Miongoni mwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, ahueni ilifika asilimia 86. Miongoni mwa walioongezeka uzito, hakuna hata mmoja aliyeipata. Baada ya miaka miwili kiwango cha ahueni kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 36, hasa kwa sababu uzito ulikuwa umeanza kurudi.

Kwa nini kupungua uzito kuna nguvu hiyo?

Mafuta yanapozidi kuliko yanavyoweza kuhifadhiwa chini ya ngozi, huanza kujilimbikiza ndani ya ini na kongosho. Ini lililojaa mafuta hupuuza insulini na kuendelea kumwaga sukari katika damu usiku na mchana, na kongosho lenye mafuta hushindwa kutoa insulini ya kutosha mara baada ya mlo. Uzito unapopungua kwa kiasi kikubwa, mafuta ya ini hutangulia kuondoka, na baadaye yale ya kongosho. Iwapo seli zinazotengeneza insulini bado zina uhai, huzinduka. Iwapo zimechoka kwa miaka mingi, huenda zisizinduke, na ndiyo sababu aliyegunduliwa hivi karibuni ana nafasi kubwa kuliko aliyeishi na ugonjwa huu miaka kumi na tano.

Nile chakula gani hasa?

Hakuna chakula kimoja chenye siri. Mlo wowote unaopunguza uzito, unaotosheleza virutubisho na ambao mtu anaweza kuudumisha, unafaa. Anza kwa kuacha vinywaji vyenye sukari, na juisi ya matunda imo humo hata ikiwa imekamuliwa nyumbani. Asali nayo ni sukari. Sisi wahudumu wa kliniki tumechoka kusikia kwamba asali haipandishi sukari kwa sababu imetoka kwa nyuki.

Nimebadili mlo kwa wiki tatu na sukari yangu ya asubuhi sasa ni 5.8 mmol/L. Naweza kuacha dawa?

Hapana. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Swali hili ndilo lililotusukuma kuandika haya yote, kwa sababu tunaona matokeo yake kliniki bila kukoma. Mgonjwa anaanza mlo mpya kwa bidii ya kusifiwa, anapima asubuhi, anaona namba nzuri, anafurahi, anaweka vidonge kabatini na kuacha kuja kliniki. Miezi inapita. Anaporudi, haji na namba nzuri: anakuja na kidonda cha mguu ambacho hakukihisi kwa sababu ya ganzi, au haoni vizuri, au analetwa na jamaa zake akiwa amekauka maji na kuchanganyikiwa, sukari ikiwa juu kiasi kwamba mashine ya nyumbani haiwezi tena kuisoma.

Ile 5.8 ilikuwa kazi ya mlo na dawa kwa pamoja. Huwezi kujua ni ipi iliyobeba mzigo mkubwa hadi dawa ipunguzwe kwa mpango, sukari ikifuatiliwa, na mtu mwenye ujuzi akiwa tayari kuirudisha dawa mara inapohitajika. Kwa hiyo lete hiyo namba kliniki. Huenda tukakubaliana nawe kwamba dozi ipungue, na tutafurahi kufanya hivyo, ila usiipunguze peke yako.

Lakini ninajisikia vizuri kabisa. Je, hiyo si dalili kwamba nimepona?

Si dalili ya kupona. Kisukari cha aina ya pili kinaweza kuharibu macho, figo na mishipa ya fahamu kwa miaka bila maumivu yoyote, na wapo wagonjwa wanaogundulika kuwa nacho siku ile ile tunapogundua kwamba macho yao yameshaathirika. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri; mara nyingi unajisikia vizuri kwa sababu unaitumia.

Mbona washiriki wa utafiti uliotajwa waliacha dawa siku ya kwanza?

Waliacha, na hoja hii huletwa kwetu na watu waliosoma nusu ya habari. Dawa zao za kisukari zilisitishwa na wahudumu wa afya siku ileile mlo ulipoanza, mlo ulikuwa umepangwa na kupimwa, walihudhuria miadi mara kwa mara kwa miaka miwili, na sukari ilipopanda dawa zilirudishwa. Tena waliochaguliwa walikuwa wamegunduliwa kuwa na ugonjwa ndani ya miaka sita na hawakuwa wakitumia insulini. Hakuna kati yao aliyekaa nyumbani, akaacha dawa, akala atakavyo kwa makadirio na kungoja. Ukitaka matokeo yao, fuata na utaratibu wao: usiache dawa bila msimamizi.

Je, kupunguza chakula huku nikiendelea na dawa kuna hatari?

Kunaweza kuwa na hatari, na hiyo ni sababu nyingine ya kuja kwetu kabla ya kuanza, si baada ya kuanguka. Anayetumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenklamidi na gliklazidi, akipunguza chakula ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka chini ya 3.9 mmol/L. Atatetemeka, atatoka jasho, moyo utaenda mbio, atachanganyikiwa. Akiwa na fahamu, apewe haraka sukari vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyoyeyushwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na arudiwe kupewa ikiwa bado iko chini. Akiwa hana fahamu, asitiwe kitu chochote mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja.

Vipo pia vidonge vinavyotoa sukari kupitia mkojo, kama dapagliflozini na empagliflozini. Mtu anayevitumia akiacha wanga karibu wote, damu yake inaweza kujaa asidi hata kama sukari haijapanda sana. Mjamzito asianze mlo wa namna hii kabisa. Mwenye dawa za presha naye aseme, kwa kuwa presha hushuka uzito unapopungua na dozi huenda ikahitaji kurekebishwa.

Mimi si mnene. Haya yananihusu?

Yanaweza kukuhusu. Wapo watu wenye uzito wa kawaida ambao ini na kongosho vyao vina mafuta kuliko mwili wao unavyoweza kuhimili, na kupungua kidogo huwasaidia. Hata hivyo, aliyekonda bila kukusudia afanyiwe vipimo kwanza, kwani huenda tatizo lake ni upungufu wa insulini, na mlo wa njaa utamdhuru.

Na dawa za mitishamba zinazodaiwa kusafisha sukari?

Hatujui mitishamba yoyote iliyothibitishwa kuleta ahueni. Ukiitumia, tuambie bila woga. Usiitumie badala ya dawa yako.

Nikishapata ahueni, nimemalizana na kliniki?

Bado. Uzito ukirudi, kisukari hurudi, na hurudi kimya. Pima HbA1c angalau mara moja kwa mwaka, na uendelee kukaguliwa macho, miguu na figo, maana madhara yaliyoanza zamani hayafutiki kwa sababu sukari ya leo ni nzuri.

Niliacha dawa miezi kadhaa iliyopita na ninaona aibu kurudi. Nifanye nini?

Rudi wiki hii. Ikiwa una kiu isiyokatika, unakojoa mara kwa mara, unatapika, unapumua kwa kasi, unasinzia isivyo kawaida, au una kidonda mguuni hata kama hakiumi, usingoje wiki, njoo leo. Usianze kumeza vidonge vya zamani kwa kukisia dozi; vilete pamoja na kadi yako, na useme wazi uliacha lini. Huenda ukasikia maneno makali kutoka kwa mmoja wetu, na kwa hilo tunakuomba radhi mapema, lakini utapimwa sukari, utakaguliwa miguu, na mpango wa mlo ulioutaka tangu mwanzo tutauanza pamoja nawe siku hiyohiyo.