Fotoakustika: kumulika uvimbe, kisha kuusikiliza

Ukiwa ufukweni Igombe, hapa Mwanza, usiku, umeme wa radi ukamulika ziwa, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Ukifika tatu, radi iko kama kilometa moja kutoka ulipo. Na ngurumo yenyewe inatoka wapi? Umeme unapopita, hewa inapata moto ghafla na kutanuka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho tunachokisikia.

Fotoakustika ni jambo hilohilo likifanyika ndani ya mwili, kwa kiasi kidogo sana. Leza inamulika titi kwa mimweko mifupi mno. Damu inafyonza mwanga, inapata joto lisilofika hata nyuzi moja, inatanuka kidogo na kutoa sauti. Sikio haliwezi kuisikia, ila kifaa kama kile cha altrasaundi kinaipokea, na kompyuta inapima imechukua muda gani kufika, kisha inachora ilikotoka. Kwamba mwanga unaweza kuzaa sauti, Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu, aliligundua mwaka 1880.

Kwa nini tusitumie mwanga peke yake? Zima taa, bana tochi ya simu kwenye kiganja. Utaona wekundu tu. Mifupa huioni, kwa sababu nyama inatawanya mwanga huku na huku. Sauti haitawanyiki hivyo.

Mimi kinachonigusa zaidi ni habari ya damu. Uvimbe wa saratani hujivutia mishipa mipya, iliyojipinda ovyo, na mara nyingi damu yake huwa na oksijeni kidogo. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazifyonzi rangi zilezile za mwanga, kwa hiyo leza ya rangi mbili huzitofautisha. Altrasaundi ya kawaida inaonyesha umbo la uvimbe. Fotoakustika inaonyesha pia uvimbe unavyojilisha kwa damu. Tena haina mionzi ya eksirei.

Mwanga huishia sentimita chache tu ndani, ndiyo maana titi limetangulia. Marekani iliidhinisha mashine ya matiti ya aina hii mwaka 2021, itumike pamoja na altrasaundi.

Dada au mama wa Mwanza aliyegusa kivimbe leo asiisubiri mashine hii. Altrasaundi ipo, na hospitali ya Bugando kuna kitengo cha saratani. Daktari akisema kichukuliwe kinyama kikapimwe, kichukuliwe: hata huko kwenye mashine hizo, jibu la mwisho bado linatoka kwenye kinyama.