Je, wajua kwa nini wapiga gitaa wengi wanafuata vidole vya mtumishi wa nyumbani?

Anayejifunza kupiga gitaa kwa vidole bila kitonoo (kipande kidogo cha kupigia nyuzi), awe Nairobi au London, mara nyingi hupewa mapema wimbo mmoja: "Freight Train". Unahusu garimoshi la mizigo, na mtunzi wake ni Elizabeth Cotten, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1893 huko Carrboro, North Carolina. Alipoutunga alikuwa na umri wa kama miaka 11 au 12.

Elizabeth alikuwa mtu wa mashoto. Alianza kwa banjo (ala ya nyuzi inayofanana na gitaa) ya kaka yake, akiichukua kwa siri kaka huyo akiwa kazini. Kwa kuwa chombo hakikuwa chake, hakuweza kubadilisha mpangilio wa nyuzi, basi akakigeuza tu juu chini. Baadaye alifanya kazi za ndani, akadunduliza hadi akanunua gitaa la dola 3.75, nalo akalishika vilevile.

Hapo ndipo siri ilipo. Kwa kawaida kidole gumba hupiga nyuzi nene za besi zilizo juu, na vidole vingine hucheza sauti ya wimbo kwenye nyuzi nyembamba za chini. Kwake nyuzi nene zilikuwa chini: vidole vikashika besi, gumba likaimba. Gumba ni zito kuliko kidole cha shahada, kwa hiyo wimbo ulitoka mzito na wa mviringo, huku besi ikitembea kwa wepesi chini yake. Wamarekani wanauita mtindo huo kwa jina lake. Wengi wanaouiga huligeuza zoezi zima lifae gitaa la kawaida, na hata hivyo mwendo wake unasikika.

Lakini dunia ingemsikiaje? Aliolewa akiwa kijana, kanisa likamtaka aachane na nyimbo za kidunia, na kwa miongo kadhaa karibu hakugusa gitaa. Akiwa Washington, akifanya kazi katika duka kubwa, alimwokota mtoto aliyepotea na kumrudisha kwa mama yake. Mtoto huyo alikuwa Peggy Seeger, wa familia ya wanamuziki, na mama yake, mtunzi Ruth Crawford Seeger, akamwajiri Elizabeth nyumbani. Miaka ikapita kabla hawajagundua kwamba mpishi wao ni mpiga gitaa wa ajabu. Mike Seeger, kaka wa Peggy, akamrekodi, na albamu ikatoka mwaka 1958, Elizabeth akiwa amevuka miaka 60.

Wimbo ulikuwa umeshamtangulia. Peggy aliupeleka Uingereza, na mwaka 1957 wanamuziki Chas McDevitt na Nancy Whiskey wakaupaisha kwenye chati za huko. Kundi la Quarrymen la John Lennon, lililokuja kuwa Beatles, nalo liliupiga. Ila hakimiliki iliandikishwa kwa majina ya watu wengine! Tunaokumbuka mvutano wa nani hasa alitunga "Malaika", Fadhili William au Adam Salim, tunaujua uchungu wa jambo hilo. Ilibidi familia ya Seeger isimame naye ndipo akatambuliwa kuwa mtunzi.

Kwa maoni yangu, nguvu yake kubwa ni kwamba nyimbo zake zinakubali kuhamia kwa wengine bila kupoteza asili. Kundi la roki la Marekani, Grateful Dead, liliimba "Oh Babe, It Ain't No Lie". Bob Dylan aliimba "Shake Sugaree" jukwaani, na mwanamuziki Rhiannon Giddens, mzaliwa wa North Carolina pia, aliutoa katika albamu yake ya mwaka 2015.

Elizabeth alipata tuzo ya Grammy mwaka 1985, akiwa na miaka zaidi ya 90, akafariki mwaka 1987. Mwaka 2022 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la Marekani la kuwaenzi wanamuziki, kwenye kundi la walioweka misingi, pamoja na Harry Belafonte, yuleyule aliyeimba "Malaika" na Miriam Makeba.