Je, wajua kwa nini kamera ya usalama huona gizani lakini haioni rangi?

Ukisimama chini ya kamera ya usalama iliyofungwa juu ya geti wakati giza linaingia, huenda ukasikia mlio mdogo, "tik", na papo hapo picha iliyoko kwenye skrini ya sebuleni ikageuka kuwa nyeusi na nyeupe. Wengi hudhani fundi amewauzia kifaa kibovu, kumbe kamera ndiyo kwanza imeingia zamu ya usiku.

Jicho la binadamu huona mwanga wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Kihisio cha kamera, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha, kwa kuwa ni cha silikoni, huona zaidi ya hapo, hata mwanga wa infraredi tusiouona sisi. Mchana uwezo huo ni kero, maana infraredi ya jua huvuruga rangi, na ndiyo sababu mbele ya kihisio huwekwa kichujio cha kuizuia. Usiku kichujio hicho husogezwa kando, nao ndio mlio unaousikia. Kisha vitaa vinavyoizunguka lenzi humulika ua kwa infraredi, mara nyingi ya nanomita 850, ambayo jicho huihisi kwa shida sana, hivyo ukivitazama vitaa hivyo kwa karibu huonekana kama kaa linalofifia. Utando wa buibui ukiwa mbele ya lenzi huurudisha mwanga huo kwa nguvu, na picha hujaa ukungu mweupe.

Rangi hupotea kwa sababu vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na buluu vilivyo juu ya kihisio huipitisha infraredi karibu sawasawa, hivyo kamera hubaki na kipimo kimoja tu, yaani kiasi cha mwanga uliorudi. Hapo ndipo penye jambo linalonitia wasiwasi sana. Dawa nyingi za kutilia nguo rangi hazinyonyi infraredi, kwa hiyo koti jeusi laweza kuonekana jeupe kabisa, na majirani waliokusanyika kutazama video ya wizi wakaanza kumsaka "yule mwenye shati jeupe", ilhali mwizi alivaa nyeusi na aliyevaa nyeupe alikuwa mpita njia asiye na hatia.

Ukitaka kuhakikisha, tundika usiku nguo zako nyeusi mbili tatu, ya pamba na ya nailoni, kwenye kamba ya uani, kisha uzitazame kwenye skrini.