Una-una kwa chambo: si mafuta peke yake

Wavuvi wa mshipi pale kwenye mawe ya Mama Ngina, Mombasa, watakwambia una-una, samaki mdogo wa jamii ya jodari, ndiye chambo kwa kuwa ana mafuta. Ni kweli, lakini nusu. Mafuta hayachanganyiki na maji, hupanda juu. Changu na tewa walioko chini hufuata kile kinachoyeyuka: damu na maji ya nyama, yenye asidi za amino ambazo pua ya samaki huzitambua upesi. Una-una anazo tele.

Kwa hiyo chambo huisha kabla hakijaliwa. Vuta mshipi ukitazame: wekundu umetoka, nyama imekuwa nyeupe na kulegea kama pamba iliyolowa. Kitoe, hata kama hakijaguswa. Upande wa Likoni, siku za bamvua (maji makuu) maji yakitoka kwa nguvu, mimi sikiachi hata robo saa.

Nunua samaki mbichi, jicho liking'aa, tumbo gumu. Wapo wanaomwacha juani makusudi ati anuke. Wanachopata ni nyama isiyoshika ndoana. Na huyo wa juani asirudi jikoni! Una-una na jodari wakikaa kwenye joto hufanya histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Kata samaki kwa mshazari, vipande virefu vyembamba, ngozi ibaki. Penyeza ndoana kwenye ngozi mara mbili, ncha ikae nje. Aliyegandishwa hulegea barafu ikiyeyuka, kwa hiyo mzungushie uzi mwembamba. Chumvi ya mawe usiku mmoja hukaza nyama, ila hunyonya na yale maji tunayoyataka, kwa hiyo mimi huitumia pale tu samaki wadogo wanapodonoa sana. Wakija bunju na kikande, samaki wenye meno makali, hata chumvi haifui dafu, weka ngisi.

Vichwa na matumbo usitupe. Ponda, changanya na mchanga ili vizame, umwage kidogo kidogo upande mkondo unakotoka.

Mafuta yenyewe yana kazi juu, kwa kolekole. Hapo chukua samaki simu (aina ya dagaa) mzima, mtoboe machoni, chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) iwe ndogo au usiweke kabisa, umwache aende na maji. Usikaze mshipi, kolekole akishika, utajua.