Mshtakiwa akiachiwa huru, je, familia haina fidia?

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu kila mara: "Aliyeua asipokamatwa, au mahakama ikimwachia, familia ya marehemu haipati hata senti." Si kweli, angalau si kwa ujumla hivyo.

Chanzo cha mkanganyiko kinaeleweka. Watu huchanganya kesi ya jinai na madai ya fidia. Katika nchi nyingi, kumtia mtu hatiani kwa mauaji kunahitaji ushahidi usioacha shaka ya maana. Kesi ya madai huhitaji kiwango cha chini: kuonyesha tu kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Ndiyo maana mtu huweza kushinda ya kwanza na kushindwa ya pili.

Kuna pia mifuko ya serikali ya kufidia waathirika. New Zealand ilitunga sheria ya aina hiyo mwaka 1963, na nchi kadhaa zikafuata, ingawa si zote. Mingi ya mifuko hiyo haidai hukumu. Hutazama kama tukio liliripotiwa polisi na kama ombi liliwahi ndani ya muda. Huo muda ndio unaowaponza wengi: wanaamini ujumbe, wanangoja kesi iishe, wanachelewa.

Ukitaka kuhakiki, soma sheria ya nchi husika au uliza ofisi ya msaada wa kisheria. Ukiletewa ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze.